Kadi ya Mjomba

Nyumbani kwetu Tabata, Waziri wa Fedha ni mimi. Baba watoto ni Rais: kazi yake kuzindua miradi. Mradi huu aliuzindua mezani, wali bado unafuka. Kijana amefaulu mtihani wa Kidato cha Pili, kwa hiyo kompyuta ya nyumbani iongezewe nguvu ili icheze gemu kama za wenzake. Makofi yakapigwa. Hakuna aliyeuliza hela inatoka wapi, kwa sababu wote walijua mgao wa kikoba umeingia. Nikatamka kiwango mbele ya mashahidi: laki tatu na nusu, na isiongezeke hata senti.

Kompyuta yenyewe ni Dell OptiPlex 7010, ile nyembamba inayolala chini ya skrini. Niliipata ofisi moja ilipokuwa ikiuza vitu vyake vya zamani. Ni ya kizazi cha mwaka 2012: prosesa ya Core i5-3470, ramu GB 4, na hadi diski nzito ambayo ukiiwasha unaweza kwenda kubandika chai ukarudi. Kwa barua na hesabu za vikoba haina neno. Lakini kijana alitaka GTA V, mchezo ambao kwenye kompyuta ulifika mwaka 2015, na mashine yetu ilikuwa ikiuonyesha picha moja moja, utadhani inatafakari.

Aliniletea orodha nyuma ya daftari la Kemia. Ya kwanza: taa za rangi ndani ya kasha. Nikaikata kabla sijavaa miwani. Ya pili: prosesa mpya kabisa. Hiyo alijikata mwenyewe baada ya kusoma vizuri, maana madabodi yetu inapokea prosesa za Intel za kizazi cha pili na cha tatu tu. Ukitaka mpya, unabadili madabodi, ukibadili madabodi unabadili na ramu, na hapo hujaongezea kompyuta nguvu, umenunua nyingine. Ya tatu ndiyo ilikuwa ya kweli: kadi ya grafiksi.

Hapo ndipo alipoingia mdogo wangu, mjomba wao. Mjomba hana jambo asilolijua. Jumapili akatokea na mfuko wa rambo, akautua mezani akisema, "Zawadi ya mpwa wangu." Ndani mlikuwa na Radeon RX 580 ya mtumba, feni mbili, urefu zaidi ya sentimita 24, bila boksi. Mama mkwe alikuwepo, naye hasahau neno lililosemwa na mtu wa upande wetu. "Zawadi," akarudia taratibu, kama anayeandika.

Sikatai, kadi yenyewe si mbaya. Kwa miaka mingi kadi za namna hiyo zilifungwa kwa makundi zikichimba sarafu za kidijitali usiku na mchana. Ethereum ilipobadili mfumo wake Septemba 2022 na kuacha uchimbaji, wachimbaji wengi wakabaki na vyuma visivyo na kazi, wakavimwaga sokoni. Ukikutana na RX 580 ya bei poa isiyo na boksi, uliza ilikuwa inafanya kazi gani kabla ya kuhamia kwako.

Kijana akatandika mkeka, akalaza kasha, akavuta komeo, ubavu ukafunguka. Vumbi la ofisi lilikuwa limeganda kwenye feni mpaka limekuwa kitambaa, na kando ya ramu kulikuwa na ganda la mende na pini mbili za karatasi. Tukapuliza, tukafuta kwa brashi ya rangi isiyotumika. Kisha akaishusha kadi ya mjomba. Haikushuka. Ilikuwa ndefu kwa kasha, na hata ungeikata urefu, kimo chake kingezuia ubavu kufunga. Kijana akaigeuza akaonyesha tundu la waya lenye pini nane. Pawa saplai yetu haina waya huo, na nguvu yake yote ni wati 240. Kadi peke yake inakula wati 185.

"Basi tunanunua pawa saplai kubwa," akasema mjomba. Haiingii, ile ya Dell nyembamba ina umbo lake. Baba watoto, ambaye hakubali mradi wake kufa, akatoka nje, akarudi na jirani yetu fundi grili, mkononi ana grainda. Walikuwa wameshapanga pa kutoboa. Wameshaweka alama kwa chaki! Mama mkwe akauliza swali moja tu: "Hiyo cheche ikishaingia humo ndani, mtacheza nini?" Fundi grili akasema ana mlango wa watu unamsubiri.

Jumamosi iliyofuata nikaenda Kariakoo mwenyewe na kijana, na hela ndani ya khanga. Muuzaji tuliyempata alikuwa kijana mdogo mwenye bisibisi mfukoni, na kabla ya kutaja bei aliuliza mambo mawili ambayo mjomba hakuyauliza: kasha la namna gani, na pawa saplai wati ngapi. Akatueleza kwamba tundu la kadi kwenye madabodi linatoa umeme usiozidi wati 75, kwa hiyo kwa mashine yetu tutafute kadi fupi isiyohitaji waya wa pembeni. Akatoa GTX 1050 Ti ya GB 4, ile ya kimo cha nusu.

"Mama, mwisho laki mbili na sitini."

"Mwanangu, hii ilitoka mwaka 2016. Iko darasa la ngapi sasa?"

Tukafika laki mbili na ishirini. Sikutoa hela mpaka aipachike kwenye mashine yake, gemu liwake, feni izunguke, tukae tuiangalie inapata joto. Kibati chake cha nyuma kilikuwa kirefu, cha makasha makubwa. Kifupi nikauziwa kwa elfu tano, nikanung'unika nikalipa. Ramu ya GB 4, DDR3, elfu ishirini na tano; angalia mkato wake, DDR4 haiingii hata ukisukuma kwa dua. SSD ya GB 240, elfu sitini na tano. Hiyo ya mwisho haiongezi mwendo wa picha kwenye gemu, ila mimi ndiye niliyeitaka kuliko wote, kwa ajili ya ile chai.

Kila kitu kikaingia. Tukawasha. Skrini giza.

Skrini yetu ya pembe nne ni ya VGA, na kadi hizi hazitoi tena VGA. Kijana akabeba kasha hadi sebuleni, akachomeka kwenye runinga kwa HDMI, picha ikaja safi kabisa, na amani ya nyumba ikaondoka. Mama mkwe ana tamthilia ya Kituruki. Baba watoto alikuwa na Simba na Yanga. Kijana akaambiwa acheze saa tano usiku, mimi nikasema saa tano usiku ni saa ya kulala.

Kilichotuokoa ni kigeuzi cha HDMI kwenda VGA, elfu ishirini. Na ile skrini iliyodharauliwa ikawa mkombozi: ina pikseli 1280 kwa 1024, pungufu kwa zaidi ya theluthi moja ukilinganisha na skrini ya 1920 kwa 1080, hivyo kadi ndogo ina kazi ndogo. GTA V inakwenda bila kukwama. Elfu kumi na tano zilizobaki nimenunulia umeme, kwani nimeona anayecheza hanunui.

Mjomba ameanza kupiga simu akidai "walau nusu" ya hela yake. Mama mkwe amesema yuko tayari kutoa ushahidi. Kadi ipo juu ya kabati, imefungwa kwenye taulo, nzima. Mwenye kompyuta ya kasha kubwa, pawa saplai ya wati 500 na waya wa pini nane, aje Tabata na mashine yake tuijaribu. Bei tutaelewana, ila mjomba asiambiwe ni kiasi gani.