Mwizi wa Gari Langu ni Mimi

Ukinunua gari la mkononi, unanunua na siri zake. Corolla yangu ilikuja na kadi, tairi la akiba na alamu ambayo hakuna anayejua ilifungwa na nani. Aliyeniuzia aliikuta. Aliyemuuzia yeye naye aliikuta. Wajapani tusiwasingizie, maana hii si ya kiwandani. Ni ya kufungiwa mtaani, enzi ambazo gari bila king'ora lilionekana halina mwenyewe. Rimoti yake imefutika alama zote za vitufe na mfuniko wa betri unashikiliwa na rababendi.

Kwa maelezo ya mafundi, alamu hiyo ina kazi mbili: mtu akiligusa gari, ipige kelele, akifanikiwa kuingia, imkatie stata. Miaka yote niliyokuwa nayo sijaona mwizi hata wa kusingiziwa. Waliokuja ni paka, radi za masika na bodaboda zenye ekzosi iliyotobolewa, na wote hao walipigiwa kelele mtaa mzima ukasikia. Hakuna jirani aliyewahi kutoka nje kuangalia. Ile kazi ya pili, ya kukata stata, alitengewa mtu mmoja tu: mimi.

Ilianza kwa kunibembeleza. Nazungusha ufunguo, kimya; nabonyeza rimoti, nafunga mlango, nafungua, nabonyeza tena, linawaka. Nikabadilisha betri ya rimoti, nikaona nimemaliza. Kisha asubuhi moja likagoma moja kwa moja. Taa za dashibodi zinawaka, redio inaongea, honi inalia, lakini stata haitoi hata "tak".

Sijashuka, mafundi wa kijiweni wakawa wameshafika. Mmoja akasema betri. Mwingine akasema stata imekufa, apewe spana aigonge. Wa tatu akatoa hukumu kuwa gari lisukumwe. Nikawaambia ni otomatiki, haliwaki kwa kusukumwa. "Tujaribu tu, mzee." Wakalisukuma mpaka kwenye kivuli cha mwembe, wakapumua, wakaomba ya soda.

Fundi umeme alipokuja hakushika spana. Alinitaka nizungushe ufunguo, macho yake yakiwa kwenye taa.

"Hazijafifia," akasema. "Betri ingekuwa chini, taa zingefifia na stata ingelia tak-tak-tak. Hapa umeme haufiki kabisa. Weka gia N tujaribu tena."

Nikaweka N, kwa sababu otomatiki ikidhani iko kwenye gia nayo hukata njia. Kimya kile kile. Akaingia chini ya boneti, akagusisha testa kwenye ule waya mwembamba unaoingia kwenye stata, nami nimeubana ufunguo mpaka mwisho. Testa haikuwaka.

"Mzee wangu, stata yako nzima. Kuna mtu kakaa katikati."

Kumtafuta huyo mtu kulimlaza fundi chali chini ya usukani, miguu imetokeza mlangoni. Wafungaji wengi wa alamu hutumia waya nyeusi tupu, makusudi, ili mwizi asijue upi wa king'ora na upi wa stata. Ni ujanja mzuri, ila fundi wangu naye hakujua upi ni upi. Waya zilikuwa zimeviringishwa solotepu ambayo joto la Dar limeshaigeuza ulimbo. Kila aliposhika mmoja, ulimfuata mkononi na ndugu zake. Akawa anaufuata mmoja mmoja kutoka kwenye swichi, akinung'unika, mpaka akachomoa kiboksi kidogo kilichokuwa kimefichwa nyuma ya redio, na rilei yake inaning'inia.

Rilei ya volti 12, miguu mitano. Waya wa stata ulikuwa umekatwa, ncha moja ikaingizwa mguu wa 30, nyingine 87a, ili umeme upite alamu ikiwa imezimwa na ukatike ikiwa imewashwa. Fundi akaibandua ganda lake, akanionyesha: kile kibati kinachopitisha umeme kimeungua, cheusi kama masizi. Kumbe alamu ilikuwa ikinisamehe kila nilipobonyeza rimoti; rilei ndiyo iliyokataa kupokea msamaha.

Akaitupa pembeni, akaunganisha zile ncha mbili, akazichomea kwa risasi na kuzifunga solotepu mpya. Nikapiga stata. Gari likawaka papo hapo, bila kinyongo.

"Fundi," nikamuuliza, "mwizi naye angehangaika hivi?"

"Mwizi ahangaike na nini, mzee? Angekuja na brekidauni akalivuta."

Kiboksi na king'ora nimevitoa vyote. Taa nyekundu ya alamu kwenye dashibodi tumeiacha, imepewa waya wake wenyewe, inakonyeza usiku kucha bila kulinda chochote, na mpaka sasa haijashindwa kazi.

Aliyelalamika ni mmoja tu, mama muuza vitumbua wa nyumba ya pili. Alfajiri, lori la maji lilikuwa likipita, alamu inalia, naye anaamka kuwasha jiko.

"Baba, gari lako linaumwa?" akaniuliza. "Siku hizi wateja wananikuta bado nakoroga unga."

Nimemwahidi saa ya mezani. Ameniuliza kama italia kwa nguvu ile ile.