Uso Kaficha, Harufu Je?

Yuko mwindaji wa kulungu kule Wisconsin, Marekani, anayeamka alfajiri na kujipaka masizi na rangi ya kijani, mashavu hadi masikioni, eti ngozi isije ikang'aa. Juu yake anavaa kinyago cha wavu, yabaki macho tu. Halafu, bwana wee, anatupia koti la rangi ya chungwa linalowaka hadi ng'ambo ya bonde! Ndiyo sheria ya msimu wa bunduki, wawindaji wenzake wasimdhanie mnyama. Tangu 2016 hata waridi kali ruksa.

Kulungu mwenyewe wala hana habari. Jicho lake halitofautishi vizuri chungwa na majani. Linachokiona sana ni buluu, na ule mng'ao wa sabuni ya "kung'arisha" iliyofulia suruali. Pua hatujaigusa bado. Mheshimiwa kaficha uso, lakini kajaza petroli kwa mikono mitupu, kala soseji, kavuta sigara mbili garini, na upepo unampelekea mnyama taarifa kamili.

Mzee, masizi hayo yaachie picha. Kaa mahali upepo unapotoka kwake kuja kwako, kisha utulie.