So Bila Do
Jirani yangu mpiga kinanda wa kwaya anafanyia mazoezi nyumbani, dirisha wazi, saa ambazo watu wenye kazi zao wanatafuta usingizi. Angekuwa anapiga ovyo, ningejifunika shuka nikalala. Balaa ni kwamba anapiga vizuri, kisha anatuacha njiani.

Siku hizi kashikwa na ugonjwa wa pedali. Jina limetokana na ogani za makanisani, zile za mabomba, ambazo besi yake hukanyagwa kwa miguu: unakanyaga noti moja, inaunguruma chini bila kubanduka, mikono inaendelea na mambo yake juu. Yeye hana ogani, basi anaikandamiza so kwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Juu anaweka so-ti-re. Hapo wote ndugu. Halafu analeta fa-la-do. Sasa so haina lake pale, imebanwa kati ya fa na la, lakini haitoki. Ni mgeni aliyekwisha kuaga, kashika kitasa, na bado anasimulia. Sikio linawasha, linadai do.

Bach alijua kuwasha watu. Katika ile preludio ya Do ya mwaka 1722, karibu na mwisho, anaishikilia so kwenye besi kwa vipimo vinane. Lakini Bach alikuwa muungwana: baada ya hapo do inashuka, na inakaa chini mpaka mwisho. Jirani anafika kipimo cha saba, mkewe anaita chakula, kinanda kimya. Ugali kwake, so kwangu. Juzi nimeinuka kitandani nikaiimba hiyo do mwenyewe, na mke wangu akauliza kama nina homa.

Na si mimi wa kwanza kuteswa na besi isiyobanduka. Kule Vienna, tarehe 1 Desemba 1867, zilipigwa sehemu tatu za Requiem ya Brahms. Ya tatu inamalizika kwa fuga ndefu juu ya noti moja ya besi, mwanzo hadi mwisho. Mpiga timpani, zile ngoma kubwa za okestra, akaitwanga noti hiyo kwa nguvu zote, kwaya ikamezwa, baadhi ya wasikilizaji wakazomea. Na ile ilikuwa do, noti ya nyumbani! Ingekuwa so, sijui.

Nilimsimulia jirani kisa hicho nikidhani ujumbe umefika. Alisikiliza kwa makini sana, kisha akaniuliza kama timpani zinapatikana Kariakoo.