Dawa ya Kopo la Nivea

Nyumbani kwa baba mkubwa, huku Koni, usiamini kopo lolote. La Nido lina misumari. La Blue Band limejaa fyuzi na vipande vya nyaya, maana mzee alikuwa fundi umeme. Kopo la sardini ni kibatari, na chupa ya bia ya Simba ina mafuta ya taa, jambo ambalo wageni wenye kiu huambiwa mapema. Vilivyokuwamo viliisha enzi za Mobutu. Makopo yenyewe hayajastaafu.

Mzee hana haja na matangazo ya siku hizi. "Zamani," husema, "dawa ilitangazwa na mtu mwenye vidole!" Mtu huyo ni mpiga gita Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, kabla mji haujaitwa Likasi. Baadaye Bosco alifika hadi Nairobi, akalipigia gita tangazo la Aspro. Basi kwa baba mkubwa kila kidonge cheupe ni Aspro, hata cha malaria. (Mimi nashuku gita ndilo lililotibu nusu ya wagonjwa.)

Jioni moja alikuja mkwe kutoka Likasi kuzungumzia mahari ya binti yake. Barabara ilikuwa imemtikisa hadi kichwa kikawa kinampasuka. Na umeme ulikuwa umekatika. Bwawa la Koni liko hapo hapo kwenye Lufira, chini ya Mwadingusha, na mitambo yake ilianza kuzunguka mwaka 1950 kwa ajili ya shaba ya kampuni ya Union Minière. Umeme hutupita juu ya paa kama mjomba tajiri asiyeshuka garini.

"Mutoto, leta Aspro ya mukubwa!"

Mtoto akaleta kopo la Nivea, ambamo vidonge huishi pamoja na vyombo vya kushonea vya mama mkubwa. Mkwe akapapasa gizani, akakwepa sindano, akachagua kimoja cha duara, laini, akakisukuma kwa kikombe kizima cha maji.

"Hii ya zamani iko nguvu," akasema huku akijishika koo. "Haiyeyuke hata!"

Baba mkubwa alifurahi mno, akaanza kupiga gita kwa mdomo.

Kibatari kilipowashwa, mama mkubwa alichungulia kopo, akanyamaza. Vidonge vyote vilikuwamo. Kifungo cha shati jeupe la Jumapili, chenye matundu manne, hakikuwamo. Lakini nani angesema, na mazungumzo ya mbuzi ndiyo yanaanza? Mkwe mwenyewe alikuwa amechangamka. Kichwa kimepoa, alisema, na kwa furaha hiyo akaifuta baiskeli kwenye orodha ya mahari.

Asubuhi, akiaga, akaomba apewe viwili vya njiani, kutoka kopo lile lile. Baba mkubwa akalishika shati lake kifuani kwa mikono yote miwili.