Ukoko wa Birika na Maksi Iliyopotea

Kupata sifuri huuma, lakini kunyimwa maksi kwa jibu la kweli huuma zaidi, na kidonda hicho hakiponi upesi. Mtahiniwa wa Kitui anaulizwa kuungua kwa makaa ni mmenyuko wa aina gani. Anaandika "muungano", kwani kaboni na oksijeni zimeingia mbili, kikatoka kitu kimoja. Mwongozo wa kusahihisha unataka "mwako", na kalamu nyekundu inapita bila kubisha hodi. Lakini makaa hayo ni mwako kwa kuwa yametoa moto, ni muungano kwa kuwa viwili vimekuwa kimoja, na juu ya hayo kaboni imeoksidishwa. Mmenyuko mmoja una haki ya kuitwa majina matatu.

Asiyeamini achungulie birika la nyumba yoyote inayochemsha maji magumu ya kisima kirefu, Makueni au Kitui. Ule ukoko mweupe una historia ndefu. Mvua inaposhuka udongoni hubeba kaboni dayoksaidi. Ikikutana na mawe ya kalsiamu kaboneti, maji, gesi na jiwe huungana kuwa kalsiamu haidrojeni kaboneti, inayoyeyuka na kujificha majini. Muungano huo. Kisha mtu anawasha jiko, joto linavunja ndoa ile, gesi inapaa, na jiwe linarudi kuwa jiwe, safari hii kwenye kuta za birika. Mtengano. Ila jiwe limetoka kwenye maji maangavu, kwa hiyo anayesema ni mmenyuko wa mashapo naye ana hoja. Kamulia ndimu humo: povu linafoka, ukoko unalika. Asidi na kaboneti zimebadilishana wenza, na asidi ya kaboni iliyozaliwa ikavunjika papo hapo kuwa maji na gesi, yaani aina mbili katika povu moja. Nayo tanuri ya makaa huchoma sehemu ya kuni ili joto livunje zilizobaki: mwako na mtengano pamoja.

Walimu watasema anayeanza anahitaji mlango mmoja wa kuingilia, na msahihishaji ana rundo la karatasi mbele yake. Ni kweli. Basi swali liseme: taja aina mojawapo, utoe sababu. Haitakuwa ruhusa ya kuandika lolote, maana kutu ya bati haitageuka mtengano hata iandikwe kwa wino wa dhahabu. Kinachokera hasa ni kwamba mtahiniwa huyu wa Kitui hubeba mtungi wa maji hayo magumu, huyafulia na kuyachemsha, halafu katika shule isiyo na maabara anaambiwa akariri kwamba asidi ikikutana na kaboneti povu hutoka, hali ndimu na birika viko nyumbani kwao.