Muulize Ami Stima

*Ami, nauza sharubati Shelly Beach. Inveta yangu ni ya volti 12. Shemeji yangu, utingo wa lori, kaniazima betri mbili zikiwa bado zimeunganishwa. Blenda ilizunguka kidogo, pakalia "pa!", kukanuka. Nifanyeje? – Mwenye Ukwaju, Likoni*

Mwanangu, shukuru barua yako imenifikia mimi. Kutoka Mtongwe hadi Ng'ombeni hakuna anijuzaye volti, na aliyejaribu kunibishia siku hizi anaishi Kisauni.

Juzi hapo feri nilisimama baina ya malori, nikasikiliza stata tu, nikawatajia madereva ni betri ya nani inayokata roho. Muuza viazi vya karai akanitilia vitatu bure, na chatini juu. Wenye vyeti walipewa nini? Waliuziwa!

Tulikuwa wapi? Ala, lori. Hilo hubeba betri mbili za 12, chanya ya hii kwenye hasi ya ile, ncha za mwisho zatoa 24. Injini ikinguruma, zakaribia 28. Inveta yako yataka baina ya 11 na 15. Zenye adabu hulia zikajizima. Yako ikajitia ushujaa. Uliyoisikia huenda ni kapasita ya pale waya za betri ziingiapo, na nyingi huandikwa 16V ubavuni. Chomoa betri, fungua kifuniko: utaiona imefura kichwa kama bwana harusi aliyenyimwa kiti. Ingekuwa kinyume, inveta ya 24 kwenye betri ya 12, ingelialia tu na kugoma.

Tiba? Ifukize udi Ijumaa. Ikikataa, ibandike picha yangu. Nimeona redio zikifufuka kwa woga. La sivyo, shemeji akae juu ya baiskeli akanyage, blenda izunguke. Ndiye mwenye deni.

Ama tafuta inveta ya 24: blenda ya wati 600 itavuta kama ampea 25, kwenye 12 ni 50, na waya nene ni pesa. Ukinunua tena ya 12, funga betri chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, ikiwa ni za aina na umri mmoja. Lakini zikisharudi kwenye lori, usidokoe 12 kwenye moja: hiyo itachoka, mwenzake ichemshwe na chaji. Kuna kifaa cha kushusha 24 hadi 12, na...

Mhariri agonga meza, ana wivu. Fyuzi iwe karibu na betri! Na sharubati yangu usiitie sukari nyingi.