Kuku Kwenye Buti
Nguo zangu bado mbichi. Zimeanikwa kwenye ua wa kaka hapa Matungu, na kila mpita njia anazisalimia zile nguo kwanza, ndipo mimi.

Jana alasiri nilikuwa Koyonzo nikitoka ukweni na Mercedes SLK ya 1999, paa wazi, shemeji kando yangu. Wingu likajikunja. Nikasimama mbele ya stendi ya boda, makusudi, maana paa kama hili halifungwi kichochoroni. Nikabonyeza.

Acha nieleze paa hili, maana ndilo lililonitoa pesa. Kifuniko cha buti, ambacho ukitia mizigo hufunguka kama cha gari lolote, sasa kinafunguka kinyume. Paa la chuma, lililokunjwa vipande viwili kama kitabu, linainuka, linajinyoosha hewani, linashuka hadi kwenye kioo cha mbele na kujibana. Pampu moja ya mafuta, silinda tano, sekunde 25 hivi. Mercedes walipolitoa gari hili mwaka 1996, watu waliona muujiza, kumbe Peugeot walishauza paa la namna hiyo miaka ya 1930, kwa ubunifu wa Mfaransa Georges Paulin, daktari wa meno. Nani mwingine angewaza kitu cha kufunguka na kufumba kama taya?

Ndani ya buti kuna pazia la kutenga mizigo na paa. Lisiponaswa kwenye ndoano zake, swichi ndogo inazuia kila kitu, paa lisije likaponda mzigo. Akili nyingi. Ila Mjerumani aliyeiweka hajawahi kupewa kuku na mama mkwe.

Kuku alikuwa chini ya pazia, miguu imefungwa. Paa lilipofika nusu, buti limeachama kama mamba, akajinasua, akapiga teke, pazia likachomoka. Paa likagoma hewani. Mvua ikashuka.

"Mkubwa, hiyo gari inasalimia nani?" akauliza kijana wa boda.

Nikabonyeza mbele, nikabonyeza nyuma. Nikazima, nikawasha. Barazani kwa maduka washauri wakaongezeka: mmoja alitaka tulisukume, mwingine tuliombee. Shemeji akashuka, akaenda kusimama na wanaocheka. Trekta la miwa likapita na kunigawia tope hadi kifuani. Baada ya dakika 20, mtoto wa shule aliyekuwa akimkimbiza kuku ndiye aliyeliona pazia, akalinasa. Paa likafunga kwa heshima zote, juu ya viti vilivyojaa maji. Watu wakapiga makofi.

Dalali wa Nairobi aliyeniuzia gari hili aliniapia kuwa lilikuwa la mama mmoja wa ubalozini. Magari yake yote yalikuwa ya mama huyo. Nilipaswa kupapasa fenda nione kutu, nifungue na kufunga paa mara tatu nikichungulia mafuta yanapovuja. Nilifungua mara moja, nikapiga picha. Na kwa kuwa Kenya haikubali kuingiza gari lililopita miaka 8, na SLK za kwanza zilikoma kuundwa mwaka 2004, ukiliona moja leo ujue limezeekea hapa hapa, kwenye matuta yetu.

Matuta hayo yamelikwaruza tumbo. Mazishini nilibeba mtu mmoja, nikaitwa mchoyo. Mama mkwe siwezi kumpeleka hata zahanati: viti viwili, na mila haituruhusu kugusana mabega.

Ila kwa barabara sifanyi mzaha. Baba alikatwa ushuru wa barabara kwenye malipo ya miwa miaka nenda miaka rudi, na malipo mengine hayakuja kabisa. Shimo lililong'oa ekzosi yangu juzi nalijua tangu darasa la tatu. Lilikuwa likivunja ekseli za matrela. Lina umri mkubwa kuliko gari langu. Hizo pesa zilimwagwa wapi?

Kuku yuko hapa uani, anatembea chini ya suruali yangu. Mama mkwe amepiga simu asubuhi kuuliza kama alikuwa mtamu.